Kundinyota la Sculptor: mbona pako tupu hivi, kuna nini cha kuangalia pale?

jicho_la_usiku

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada kwa mnaolijua anga la kusini vizuri. Kuna hili kundinyota Sculptor, yaani Mchongaji, kwenye programu ya simu linaonekana limekaa pale kati ya nyota angavu mbili, Fomalhaut na Diphda ya Nyangumi, wamelichorea na mistari kabisa, sasa nikinyanyua macho sioni mchongaji wala patasi yake, naona giza na vinyota viwili vitatu ambavyo hata sina uhakika kama ni vyake. Halafu kila ninaposoma wanasema hapo ndo mahali pa kwenda kama unataka galaksi. Utajiri gani huo wa mahali pasipo na nyota hata moja ya maana??

Nina binokula 10x50 na darubini ya kioo inchi 5, na ninapoangalizia pana giza la kutosha, Njia Nyeupe inaonekana bila shida. Ninachotaka kujua ni nianzie nyota ipi, na je hizo galaksi zinaonekana kwa jicho kweli au ndo zile picha za kamera iliyoachwa wazi usiku kucha tukadanganyana. Na swali la uchokozi, huyo aliyeona mtu anachonga pale alikuwa anaangalia nini hasa 😂

mzee_wa_lenzi

Nianze na uchokozi maana ndo rahisi. Aliyeliweka ni Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, alikuwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752 akipima nyota za kusini, akapima karibu 10,000, tena kwa kidarubini chenye lenzi ya nusu inchi hivi, yani kitu ambacho leo ungempa mtoto achezee. Mapengo aliyoyakuta akayajaza kwa makundinyota mapya 14, na hakutaka miungu wala wanyama, yeye aliweka vyombo vya kazi vya zama zake: tanuri, saa, hadubini, pampu ya hewa. Hili la kwako hakusema ni mtu, alichora karakana ya mchongaji, kichwa cha sanamu juu ya meza ya miguu mitatu na nyundo na patasi pembeni. Kwa hiyo umbo usilitafute, halipo. Nyota inayoongoza kwa kung'aa, Alfa, ni mag 4.3, mag ni kipimo cha mng'ao, na kumbuka namba ikipanda ndo kitu kinafifia. Taa za mji zikiwaka kundinyota zima linafutika.

Sasa huo utupu ndo jibu lako lenyewe. Nyota zote unazoziona kwa macho ni za galaksi yetu, na galaksi yetu imekaa kama sinia, upana wake kama miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja) lakini unene wa sehemu yenye nyota nyingi ni elfu moja hivi tu. Sisi tuko ndani ya sinia. Ukiangalia kwa ubavu, kuelekea Nge na Mshale, macho yanapita kwenye nyota na vumbi kwa maelfu ya miaka ya nuru, ndo ule mkanda wa Njia Nyeupe, na vumbi hilo linaziba kila kilichoko nyuma. Ukiangalia wima, kutoka kwenye sinia moja kwa moja, nyota zinaisha haraka, vumbi karibu hakuna, unakuwa umetoka nje. Huko wima upande wa kusini ndiko kunaitwa ncha ya kusini ya galaksi, na ncha hiyo imo humohumo ndani ya Sculptor. Yani unachungulia dirishani. Ungekuta nyota nyingi pale basi galaksi usingeziona.

Kwa hiyo mtu akikwambia Sculptor ni kundinyota maskini muulize anahesabu nini.

binokula_tu

Mzee kamaliza theori mimi nikupe njia. Usiku wa leo weka darubini pembeni, chukua binokula.

Tafuta Diphda, wengine wanaiita Deneb Kaitos, ni mag 2 na eneo lote lile iko peke yake haina jirani wa kukuchanganya. Iweke katikati ya binokula kisha shuka kusini nyuzi 7 na kidogo. Binokula nyingi za 10x50 zinaonyesha upana wa nyuzi 6 na nusu hivi, maana yake ni uwanja mmoja na kipande, hata kama huna namba kichwani utafika. Angalizo: kusini ninayosema ni kuelekea ncha ya kusini ya anga, siyo chini kuelekea ardhini. Kundinyota likiwa ndo linachomoza mashariki hizi mbili ni njia tofauti kabisa na watu wengi wanapotelea hapo, wanashuka kwenye miti wanasema hakuna kitu. Ngoja lipande.

Utakutana na mchirizi wa kijivu, mrefu mwembamba, umeinama, kama mtu kafuta chaki na kidole. Hiyo ndo NGC 253, NGC ni orodha ya vitu vya angani na hiyo ni namba yake. Siyo nyota, siyo wingu, hiyo ni galaksi nzima iko miaka ya nuru milioni 11 na ushee na urefu wake angani unakaribia upana wa mwezi mpevu. Mag yake ni kati ya 7 na 8. Ukiacha ile Andromeda na Mawingu mawili ya Magellan, kwangu mimi hakuna galaksi inayomlipa mtu wa binokula kama hii.

Usitumbue macho juu yake. Angalia kidogo pembeni halafu acha jicho liinase kwa ubavu, jicho la pembeni linaona gizani kuliko la katikati.

mzee_wa_lenzi

Hapo kwenye kuweka darubini pembeni sikubaliani na wewe kaka. Kuiona ni kitu kimoja, kuiangalia ni kingine. Kwa inchi 5 na lenzi ya kutazamia inayokuza kidogo, tuseme mara 30 mpaka 50, ule mchirizi unaacha kuwa mchirizi, unaanza kuona umechafukachafuka, una mabaka ya weusi na weupe, katikati pamevimba. Hayo mabaka ni vumbi na sehemu ambazo nyota zinazaliwa kwa fujo. NGC 253 ni galaksi iliyoko kwenye mlipuko wa kuzaa nyota, hasa pale kiini chake, inazaa kwa kasi mpaka gesi inafukuzwa nje ya galaksi. Mwaka 2013 waliopima kwa ALMA, ule mtandao wa darubini za redio kule Chile, walionyesha hiyo gesi baridi ikitoka kiini kwa wingi, na kama ikiendelea kutoka hivyo galaksi inajiishia mali ya kutengenezea nyota.

Na historia yake ni tamu. Aliyeigundua ni Caroline Herschel, dada yake William, Septemba 1783, akiwa anasaka nyotamkia. Alikuwa Uingereza! Kwa latitudo ile NGC 253 ikifika juu kabisa haizidi nyuzi 13 juu ya upeo, ni humo kwenye ukungu na moshi. Na kifaa chake kilikuwa kidogo kuliko hicho cha kwako. Sasa mtu aliye kusini, ambako inapita juu karibu na utosini, asipoiona tatizo ni taa au mwezi, siyo darubini.

salma_anga

Jamani mnamjaza NGC 253 tu kama vile hakuna kingine. Mdogo wangu ukishaipata usiondoke, sogea kusini mashariki pungufu kidogo ya nyuzi 2, kwenye binokula vitu vyote viwili vinakaa pamoja kwenye uwanja mmoja. Hapo kuna NGC 288, fungunyota la aina ya tufe, yani nyota nyingi zilizokusanyika kama mpira, mag 8 hivi. Kwenye binokula ni kidonge cha ukungu tu lakini kwenye inchi 5 ukiongeza ukuzaji linaanza kupasuka kuwa vumbi la nyota, na linapasuka kirahisi kwa sababu lenyewe halijabanana, nyota zake zimeachana achana tofauti na 47 Tucanae, tufe lingine la anga la kusini, ambayo katikati ni uji mtupu wa mwanga.

Kinachonifurahisha hapo ni umbali. Hizo mbili ziko jirani machoni lakini 288 ni yetu, iko kama miaka ya nuru 29,000, na ile galaksi iko milioni 11 nyuma yake. Jicho moja, mtazamo mmoja. Na ile ncha ya galaksi aliyosema mzee ipo palepale, zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi kutoka 288, hakuna alama wala nyota ya kuionyesha ila ukiwa na 288 katikati ujue unatazama karibu wima kabisa kutoka kwenye Njia Nyeupe.

jicho_la_usiku

Asanteni sana aisee. Nimetoka nje sasa hivi, Diphda nimeshuka nayo na mchirizi nimeupata!!! Ni hafifu kuliko nilivyotegemea ila ukiangalia pembeni unatokea wenyewe. Kijidonge cha 288 nadhani nimekiona, sijui, kitu kama kinatokea na kupotea.

Sasa nikasoma kwamba kuna kitu kinaitwa kundi la galaksi la Sculptor, kwamba 253 ina wenzake. Hao wenzake naweza kuwaona na inchi 5? Na ziko pamoja kweli au ni kama zile nyota za kundinyota zinazoonekana jirani kumbe hazijuani?

binokula_tu

Hongera! Kitu kinachotokea na kupotea mahali palepale ndo 288 yenyewe hiyo, ungekuwa ni uchovu wa macho kingehamahama.

Wenzake wakubwa ni watatu. NGC 55 iko mpakani kabisa na Feniksi, usiitafute kutoka 253 ni mbali, nenda kwa Ankaa, nyota angavu ya Feniksi, kisha panda kaskazini magharibi kama nyuzi 4. Ni ndefu kama 253 au hata kuizidi, nyembamba, tunaiona kwa ubavu, na upande mmoja unang'aa kuliko mwingine, kwa hiyo ukiona mchirizi usio na ulinganifu ndo yenyewe. Mimi naipenda kuliko 253 ila najua nitapigwa mawe hapa.

Ya pili NGC 300. Hii ni ya kuwa na subira. Ya tatu NGC 7793, upande wa magharibi, mag 9 na kitu, ndogo, ya mviringo, hiyo ni ya darubini.

mzee_wa_lenzi

Hiyo NGC 300 nieleze kidogo kwa sababu inawasumbua wengi. Kwenye orodha inaandikwa mag 8 na kitu, mtu anasema aah inakaribiana na 253, anaenda anakuta hakuna. Ile mag ni jumla ya mwanga wote wa galaksi ukiukusanya uwe nukta moja. Sasa 253 tunaiona imeinama, mwanga umebanwa kwenye utepe mwembamba, lakini 300 imetugeukia uso, mwanga uleule karibu umetandazwa kwenye eneo kubwa kama theluthi mbili ya upana wa mwezi. Kila kipande kinabaki na mwanga kiduchu. Kwa hiyo kukuza sana ni kuiua, tumia ukuzaji wa chini kabisa ulionao, na hapa nakubali binokula_tu ana haki, binokula nzuri mahali penye giza inaweza kuionyesha kuliko darubini yenye uwanja mwembamba. Tikisa darubini taratibu, jicho linanasa kitu kinachosogea kuliko kilichotulia.

Mwezi ukiwepo hata usihangaike.

salma_anga

Kuhusu kujuana kwao: nusu nusu. Zamani zote zilihesabiwa kundi moja. Umbali ulipopimwa vizuri ikaonekana NGC 55 na NGC 300 ziko karibu zaidi, kama miaka ya nuru milioni 6, wakati 253 iko milioni 11 na 7793 nayo iko huko huko milioni 12. Kwa hiyo 55 na 300 ziko mbele, katikati ya sisi na wengine, huenda zenyewe kwa zenyewe ni majirani lakini kuziita familia moja na 253 ni kwa mazoea. Ni kitu kirefu, kama msururu unaoanza karibu na Kundi letu la Karibu, yani galaksi yetu na jirani zake, na kwenda mbali, sisi tunautazama kwa mwisho wake ndo maana zote zinarundikana sehemu moja ya anga.

kimondo_x

Nimechelewa kwenye mada ila kuna kitu cha NGC 253 hamjasema na mimi ndo kilinifanya niipende. Tarehe 15 Aprili 2020 vyombo kadhaa vya angani vilipigwa na mlipuko wa miale ya gama, mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde. Walipolinganisha muda ambao kila chombo kilipigwa, maana vingine vilikuwa karibu na dunia na kimoja kilikuwa kinazunguka Mirihi, wakaweza kubana upande ulikotoka, na ndani ya eneo hilo galaksi iliyokaa ni NGC 253. Wanasema ni magneta, yani nyota ya nyutroni, kile kiini kilichobanana kinachobaki nyota kubwa ikifa, yenye usumaku wa kutisha, ilitoa mlipuko mkubwa. Na galaksi inayozaa nyota kwa fujo kama alivyosema mzee ndo mahali unapotegemea kukuta magneta, nyota kubwa zinazaliwa nyingi, zinakufa mapema, zinaacha mabaki ya namna hiyo. Kwa hiyo huo mchirizi wa chaki umewahi kugonga mitambo yetu kutoka miaka milioni 11 nyuma.

jicho_la_usiku

Daah hiyo sikuwa naijua kabisa. Swali la mwisho nisiwachoshe. Kwenye programu naona humo humo Sculptor kuna Gurudumu la Mkokoteni, Cartwheel, halafu kuna galaksi kibete ya Sculptor halafu kuna kitu kinaitwa Blanco 1. Vipi hivyo, navyo vimo kwenye uwezo wa inchi 5?

salma_anga

Cartwheel sahau. Iko kama miaka ya nuru milioni 500, ni ile galaksi iliyopasuliwa katikati na galaksi ndogo ikatoa pete ya nyota changa inayotanuka, picha ya darubini ya James Webb ilitoka Agosti 2022, hiyo ifurahie kwenye skrini. Vilevile Abell 2744 lile rundo la magalaksi wanaloliita la Pandora, limo Sculptor, na ni mabilioni ya miaka ya nuru. Dirisha halina vumbi ndo maana wanapenda kulielekezea darubini kubwa.

Galaksi kibete ndo kituko. Iko karibu kuliko zote hizi, miaka ya nuru laki tatu kasoro kidogo, inaizunguka galaksi yetu, na bado huioni. Imetandaa mno na nyota zake ni chache mno. Mwanaastronomia Harlow Shapley aliigundua kwenye bamba za picha zilizopigwa Afrika Kusini, akaitangaza 1938, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kujulikana, na hata kwenye bamba ilikuwa kama alama ya kidole iliyosahaulika kufutwa. Ukitaka kupata hisia za kushindwa kwa heshima ijaribu.

binokula_tu

Blanco 1 hiyo ni yako, ni fungunyota, tena ni ya binokula kabisa. Iko kuizunguka nyota Zeta ya Sculptor, nyota chache zimesambaa kwenye nyuzi moja na nusu hivi, kwenye darubini utapita katikati yake bila kujua kwa sababu ni pana. Ila hapa mzee aje atuambie, si ulisema huko wima nyota hakuna, sasa hili fungunyota linafanya nini pale?

mzee_wa_lenzi

Nilijua utanirudia 😄 Sikusema hakuna, nilisema zinaisha haraka. Blanco 1 iko kama miaka ya nuru 800, hapo bado hujatoka mbali. Ila ni kweli ni kioja, mafungunyota ya aina yake, changa, yaliyo wazi, karibu yote yanakaa ndani ya unene wa sinia, na hili limening'inia karibu wima chini yetu, kwa hiyo umbali wake kutoka kwetu ndo karibu umbali wake wote kutoka katikati ya unene. Victor Blanco aliliona 1949 kwa sababu alikuta nyota za aina ya A, zile nyeupe za moto, zimejaa kuliko inavyotakiwa kwa sehemu ile ya anga. Yani limegunduliwa kwa kuhesabu, maana kwa kutazama tu halikushtui.

Na ukiwa upande huo jicho_la_usiku, ongeza R Sculptoris, iko mashariki ya kundinyota. Ni nyota ya kaboni, yani nyota iliyozeeka yenye kaboni nyingi kwenye hewa yake, nyekundu haswa, kwenye darubini inafanana na kaa la moto kati ya nyota nyeupe. Mwanga wake unapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku kama 370, kwa hiyo ukiikuta imefifia usikate tamaa rudi baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2012 ALMA ilionyesha gesi inayotoka kwake imejisokota kwa mzunguko, maana yake kuna mwenza asiyeonekana anaikoroga.

kimondo_x

Muda nao mwambieni. Sculptor inakuwa juu kabisa saa 6 usiku mwishoni mwa Septemba, kufika katikati ya Novemba inakuwa juu saa 3 usiku, Januari ukichelewa kidogo unaikuta imeinama magharibi. Wanaoamka alfajiri wanaweza kuipata tangu Julai. Ukiwa ikweta 253 inapanda mpaka nyuzi 65, ukiwa latitudo 25 kusini inapita utosini kabisa na shingo itauma, lala chali.

jicho_la_usiku

Sawa wakuu. Sasa hivi kuna mawingu yameingia kutoka kusini, NGC 55 nitaifuata kesho kwa njia ya Ankaa. R Sculptoris nayo naiandika, kama kuna mtu ameiangalia karibuni aseme kama sasa iko juu au imefifia nijue kama nibebe darubini au binokula inatosha

binokula_tu

Beba zote